Kusafisha Sauti

Nimewahi kuwa jaji mara moja tu maishani, na hapakuwa na mahakama. Nilikuwa jaji wa muziki wa gemu. Nikiwaambia watu hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke, maana kicheko chao ni chepesi kuliko swali linalofuata.

Siku hizo nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda karibu na soko, mjini Mtwara. Mtu alileta kanda tupu, akanitajia nyimbo anazozitaka, nami nikamchanganyia. Kabla ya hapo, miaka ya tisini, nilipiga kinanda katika bendi ya dansi iliyozunguka kumbi za Mtwara, Lindi na Masasi. Bendi ilikufa kama zilivyokufa nyingi: vyombo viliharibika na watu wakahamia disko. Nilisoma hadi kidato cha nne, na kwa mji wetu wa wakati ule hiyo ilitosha kumfanya mtu aamini kwamba anajua. Mimi niliamini zaidi kwa upande wa sikio. Kanda ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa, niliitambua kabla mwenye kanda hajakaa kwenye benchi. Watu walilisema hilo, nami nilipenda walisemapo.

Mpiga tumba wa bendi yetu alikuwa na akili ya biashara kuliko mimi. Bendi ilipokufa alifungua banda la gemu mtaa wa Magomeni, hapo hapo Mtwara: televisheni nne za kizamani, mashine ndogo za Kichina zinazotumia kaseti za njano, na viti vya plastiki vilivyofungwa kwa waya. Vijana walijaa humo kutoka asubuhi. Walikuwa na lugha yao. Uhai wa mtu wa kwenye mchezo waliuita roho. Ungepita barabarani ukasikia mtu analalamika kwamba amebakiwa na roho moja, au anamwomba mwenzake amwachie roho zake mbili, na wazee waliotoka msikitini walikuwa wakitikisa vichwa.

Muziki wa mashine zile nilianza kwa kuudharau. Ulikuwa na sauti tatu nne tu, kali kama za nzi kwenye kopo. Lakini nilipokuwa nikimtembelea rafiki yangu pale bandani, nikikaa muda, niligundua jambo. Muziki wa gemu hauna mwisho. Umetungwa uzunguke, kwa sababu mtunzi hajui mchezaji atakufa lini. Na vijana wakitoka pale walikuwa wanautoa kwa mluzi hadi Shangani, wanaupiga kwa vidole kwenye madebe, wanauimbia maneno yao. Ndipo rafiki yangu akapata wazo la mashindano. Kila mwenye uwezo autengeneze upya wimbo wa gemu anaoupenda, kwa chombo chochote, alete kwenye kanda. Walikuwa wameshalisikia neno rimiksi redioni, kwa hiyo hakuhitaji kueleza sana. Zawadi ingekuwa redio ya kaseti, mpya, bado iko kwenye boksi lake.

Akaja kwangu kuniomba niwe jaji.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza, ingawa nilijua.

"Masikio yako yamesoma hadi chuo kikuu, bwana. Mwili ndio uliorudi nyumbani mapema."

Kanuni alizitunga yeye, isipokuwa moja. Kanda za kwanza kufika zilikuwa na vijana wanaofoka juu ya muziki, wanatukanana mtaa kwa mtaa, mmoja akimtaja mama wa mwenzake kwa vina vizuri sana. Nikasema sauti ya mtu isiwemo kabisa. Chombo tu. Rafiki yangu hakupenda, alidai matusi yale ndiyo matamu, lakini nilishikilia, na kanuni ikaandikwa kwenye ubao mlangoni pa banda. Hiyo ni yangu. Simgawii mtu.

Tulikuwa tunasikiliza kibandani kwangu mchana, mimi na yeye, feni ikipuliza umeme unapokuwapo. Mimi nilikuwa na vipimo viwili. Anayeujua mchezo lazima autambue wimbo wake hata ukivalishwa nguo nyingine. Na asiyewahi kushika pedi ya kuchezea gemu lazima aweze kuusikiliza mpaka mwisho bila kutamani picha. Wengi walianguka kwenye cha pili. Kijana mmoja wa Mikindani aliupiga wimbo wa mbio za magari kwa ngoma za sindimba, na kwa dakika mbili tulitikisa mabega kama wajinga, kisha tukagundua kwamba hana pa kwenda, anarudia tu. Mwingine alirekodi televisheni ilivyo, akagonga sufuria juu yake.

"Huyu mpe namba," rafiki yangu alisema. "Sufuria limepigwa kwa roho safi."

"Namba ipi?"

"Ya mganga."

Kisha tukaweka kanda ya yule binti.

Ilianza na kelele za bandani, viti vikiburuzwa, kisha muziki wa mashine wenyewe, ule wa steji ya chini ya maji, ambao kila mtu Magomeni aliujua. Halafu kinanda kidogo cha betri kikaingia chini yake. Alikuwa ameupunguza mwendo mpaka ukawa kama mtu anayetembea majini kweli, maji yamemfika kifuani. Hakuongeza madoido. Alikuwa anapiga noti chache, anasubiri, anapiga nyingine. Na mara tatu ndani ya wimbo kinanda kilinyamaza kabisa. Katika zile nafasi tatu ilisikika mashine peke yake, na nyuma yake, mbali, kijana akiongea.

Wimbo ulipokwisha rafiki yangu aliurudisha mwanzo bila kuniuliza.

"Huyu kaua," alisema baadaye. "Lakini kuna mtu anaongea humo."

Nikasema nimemsikia, na kanuni ni kanuni. Akanitazama. Aliniambia kwamba angekuwa yeye angeufunika ubao ule wa mlangoni kwa gunia. Sikucheka.

Binti alikuja mwenyewe kabla sijamwita, alikuwa anataka kujua kama kanda yake imekubaliwa. Alikuwa anajifunza ushonaji kwa shangazi yake pale pale Magomeni. Familia yao ilikuwa ya kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, watu waliovuka kutoka ng'ambo wakati wa vita vya kule, wakalima mihogo na korosho upande huu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua maneno, kama mtu anayevuka kwa kukanyaga mawe. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwambia kanda yake ni miongoni mwa zilizo bora, lakini ina sauti ya mtu nyuma.

Nilitegemea ajitetee. Badala yake uso ulimchangamka.

"Umeisikia, baba?"

"Nimeisikia. Imejificha, lakini ipo. Nikusafishie?"

"Kumbe sauti nayo inasafishwa?"

"Kwangu inasafishwa."

"Basi nisafishie, baba. Uisafishe vizuri, ili mama aje aisikie."

Akauliza kama atarudishiwa na ile ya zamani. Nikamwambia atapata kanda yake hiyo hiyo, asiwe na wasiwasi. Akapiga goti kidogo kwa shukrani, akaenda zake.

Nieleze hapa kile ambacho sikukijua mchana ule, na ambacho ningekijua kwa kuuliza swali moja tu.

Sauti ile ilikuwa ya kaka yake. Kijana yule alikaa Magomeni mwaka mzima akifanya vibarua bandarini, na kila jioni alikuwa bandani kwa rafiki yangu. Siku moja dada yake alibeba redio ya shangazi ili arekodi muziki wa ile steji ya majini aliyoipenda, na kaka mtu aliongea wakati kanda inazunguka, kama watu waongeavyo wakicheza. Baadaye vita vya ng'ambo vilipokuwa vimetulia miaka kadhaa, alivuka Ruvuma kwenda kutazama mashamba ya marehemu baba yao. Hakurudi. Hakuja mtu wa kusema amemwona hai, wala wa kusema amemzika. Hakuwa amewahi kupigwa picha. Kilichobaki ni ile kanda, nayo redio ya jirani iliitafuna vipande vipande. Kwa bahati binti alikuwa ameshaihamishia kwenye kanda nyingine ili aipigie kinanda chake. Hiyo ndiyo aliyoileta kwangu. Zile nafasi tatu alizinyamazia makusudi. Alikuwa anampisha kaka yake aongee.

Kule kijijini mama yao alikuwa amekataa kuweka matanga. Watu walimshauri asome hitima apumzike, naye akawajibu kwamba mtu ambaye bado anaongea ndani ya redio hasomewi.

Na lile neno. Kwenye kazi yangu kusafisha kanda ni kufuta. Unaondoa kilichomo, kanda inabaki safi. Lakini msimu wa korosho, watu wakiwa na chochote mfukoni, mpiga picha alikuwa anapita vijiji vile vya Ruvuma na kamera yake. Anawasimamisha watu mbele ya shuka, anawapiga, anaondoka na nyuso zao ndani ya filamu, haziwezi kuonwa na yeyote. Anakwenda mjini kuzisafisha. Baada ya majuma anarudi, na watu wale wametokea, wanaonekana mpaka vifungo vya shati. Na filamu ya asili anawarudishia. Binti alikuwa analijua neno hilo tangu utotoni, kwa maana hiyo moja. Nami nililijua pia, nilikuwa nimesafishisha picha zangu mara nyingi. Halikunijia tu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kazi, na kwenye kiti kile neno lilikuwa na maana yangu.

Nilikuwa na mazoea ya kutoa nakala kabla ya kugusa kanda ya mtu. Siku ile ilikuwa Jumanne, na Jumanne upande wetu ulikuwa na mgao wa umeme, ukikatwa alasiri. Nikaona muda hautoshi. Nikaacha kutoa nakala.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, na hilo hunisumbua kuliko kama ningeiharibu. Kufuta sehemu ya kanda bila kuharibu jirani yake kunataka mkono. Nilivaa hedifoni, nikazisikiliza zile nafasi tatu tena na tena ili nijue sauti inaanzia wapi na kuishia wapi. Nikaizoea. Alikuwa na sauti ya mtu mwenye pua iliyoziba kidogo. Alikuwa anamwomba dada yake asizime, asubiri, maana amebakiwa na roho moja. Maneno yake yenyewe sitayaandika, na nitasema kwa nini. Kisha nikabonyeza kitufe cha kurekodi bila kuweka sauti yoyote, nikakiachia pale kinanda kinaporejea. Mara tatu. Umeme ulikatika wakati nafunga kisanduku cha kanda, nikajisifu kwa kuwahi.

Siku ya mashindano banda lilifurika hata watu wakakaa nje madirishani. Rafiki yangu alikodi jenereta. Tulipiga kanda sita tulizozichagua. Kijana wa sindimba alishangiliwa sana, na marafiki zake walikuwa wameshaanza kuizungumzia redio kama yao. Kanda ya binti ilikuwa ya mwisho.

Kinanda kilipoingia, watu walitulia. Kilipofika kwenye nafasi ya kwanza, kukawa kimya kitupu. Hata sauti ya mashine haikuwapo, kwa sababu niliifuta pamoja na kijana. Banda zima lilishika pumzi. Nilisikia jenereta huko nje na mtoto akikohoa, kisha kinanda kikarudi, na watu wakaguna kwa pamoja, mguno wa kuridhika. Nafasi ya pili walikuwa wanaisubiri. Ya tatu kuna waliofumba macho. Nimepiga muziki mbele ya watu miaka mingi, sijawahi kuwaona wamekamatwa vile, na kilichowakamata nilikitengeneza mimi kwa kidole.

Nikampa ushindi. Mbele ya wote nilisimama nikasema kwamba binti huyu ametufundisha thamani ya kunyamaza. Ndivyo nilivyosema.

Yeye alikuwa amekaa benchi la mbele. Nafasi ya kwanza aliitazama spika. Ya pili alinitazama mimi. Alipokea redio kwa mikono miwili, akashukuru, akangoja watu wapungue ndipo akanisogelea. Hakuwa na hasira. Alikuwa na ule wasiwasi wa mteja mwenye adabu.

"Baba, umeiweka kwenye kanda gani?"

"Nini?"

"Sauti ya kaka. Uliyoisafisha."

Nikaelewa. Sikuelewa polepole, ilikuwa kama mtu anapowasha taa chumbani na wewe uko uchi. Na hapo hapo, kabla sijafikiri, nikamwambia ipo kibandani, bado haijakauka vizuri, aje kesho.

Bado haijakauka. Hata uongo wangu niliuazima kwa mpiga picha.

Kesho yake alikuja, nikamwambia kesho. Alikuja tena juma lililofuata, nikamwambia mashine ina hitilafu. Alikuwa anakuja na kusubiri benchini akiwa na sindano zimechomekwa kwenye kola, anaaga, anarudi kwa shangazi. Kanda aliniachia, kwa maana alidhani bado naihitaji. Wakati huo wote nilikuwa naitafuta sauti. Nilijua kwamba kufuta kwa mashine za kawaida wakati mwingine hakumalizi kila kitu, hubaki kivuli. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikabana hedifoni kwa viganja, nikasikiliza ile nafasi ya kwanza. Mvumo tu. Nikasikiliza siku nyingi. Halafu alasiri moja nikasikia kitu ndani ya mvumo. Hafifu sana, kinapanda na kushuka. Mtu.

Nikafunga mlango wa kibanda, nikakisikiliza mpaka betri za redio zikalegea. Hakuwa anaongea, lakini alikuwapo. Nikakimbia hadi Magomeni kumleta rafiki yangu, sikumwita binti kwanza, nilitaka shahidi. Alivaa hedifoni, akakunja uso, akasikiliza zote tatu.

"Huyu anahema," alisema.

"Ndiyo. Ni yeye."

Akavua hedifoni, akanitazama kifuani kwa muda. "Hema," aliniambia. Nikahema. Mimi hutoa pumzi kwa mikupuo miwili, tangu nilipougua mapafu utotoni. Akaniwekea hedifoni masikioni, akaipiga nafasi ya kwanza tena.

Deki yangu ya kurekodia ilikuwa na maikrofoni ndogo ndani yake. Nilikuwa na kawaida ya kuichomekea plagi ili isinase kitu, na Jumanne ile plagi haikuingia sawasawa. Nilikuwa nimeinamia mashine, nimejikaza nisikosee, nahema. Pale kijana alipokuwa akiongea, sasa kulikuwa na pumzi yangu.

Nilimweleza rafiki yangu yote, nikajitetea kwa lile neno. Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Ningekuletea picha ya marehemu mke wangu nikakuambia uisafishe," alisema, "ungeifuta?"

Binti nilimwambia siku ya pili yake. Nilitegemea kilio, nikawa nimefunga dirisha watu wasijae. Hakulia. Alikuwa anaitazama kanda mezani.

"Nitamwambia nini mama?" alisema. "Nimeshampelekea habari kwamba kaka anasafishwa."

Nikasema nitakwenda mimi.

Tulikwenda naye kwa gari la wanunuzi wa korosho, tumekaa juu ya magunia matupu, redio ya ushindi ikiwa bado kwenye boksi lake mapajani kwake. Barabara iliishia kwenye mchanga, tukatembea kupitia mihogo mpaka nyumba yao. Ng'ambo ya mikoko ulionekana upande wa pili wa mto, bapa, na moshi wa mtu anayechoma shamba. Mama mtu alitupokea kwa furaha. Alikuwa wa umri wangu. Alikuwa ametandika mkeka mpya, na majirani wawili watatu wameshakaa, kwa sababu habari ya kusafishwa ilikuwa imefika kabla yetu.

Nilimwambia. Nilimwambia mbele ya majirani, kwa Kiswahili cha wazi, na binti akarudia kwa lugha yao ili pasibaki tundu. Nilisema nilifuta. Nilisema sikuuliza. Nilisema nilimdanganya mwanawe majuma mengi. Alinisikiliza akiwa ameweka mkono juu ya redio.

"Iwashe," alisema.

Nikamwambia hakuna kitu, dada yangu.

"Iwashe hivyo hivyo, fundi."

Tukaipiga. Wimbo ulikwenda, nafasi ya kwanza ikafika, ikapita. Akamwambia binti aongeze sauti mpaka mwisho na arudishe. Kinanda kilipiga kelele kali hadi kuku wakatawanyika, kisha kikanyamaza, na kwenye uwanja ule, kati ya watu waliotulia, pumzi ikasikika kwa wazi.

"Nani huyu anahema?"

"Ni mimi."

Alisubiri mpaka nafasi ya tatu ikapita. Kisha akazima mwenyewe, akatafuta kitufe kwa kidole kama mtu anayepapasa uso. Aliniuliza mwanawe alikuwa anasema nini mle. Nikamtajia maneno yale kama nilivyoyasikia. Akaniambia niyaseme tena. Nikayasema. Mara ya tatu alininyooshea kiganja.

"Basi. Usiyaseme tena. Kila ukiyasema, nakusikia wewe."

Ndiyo maana sikuyaandika.

Alikaa. Alichota mchanga ukingoni mwa mkeka, akauacha umwagike. Halafu akawaambia majirani, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi za shamba, kwamba wamtafute sheikh. Hitima isomwe.

Niliomba nisamehewe kisomo hicho, nikakataliwa. Nikarudi baada ya siku chache, siku waliyoipanga. Wanaume tulikaa uani, wanawake nyuma ya kizuizi cha makuti. Baada ya kisomo, kama ilivyo kwetu, mtu wa familia husimama akawaeleza waliofika: marehemu aliugua nini, alilazwa wapi, aliondoka vipi, alisema nini mwisho. Mjomba wa kijana alisimama. Alianza na sifa za Mungu, akashukuru watu kwa kuja, kisha akakwama. Hakuwa na la kueleza. Alitazama chini, akatazama mto.

Kutoka nyuma ya makuti mama mtu akasema, "Muulizeni fundi. Yeye ndiye aliyemsikia mwisho."

Nilisimama. Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, kwa ufupi, kuanzia kanuni niliyoitunga mpaka kidole. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, sheikh, mtu mzima mpole, akauliza jambo ambalo lazima liulizwe, maana watu watamwombea kila mwaka ukizunguka: marehemu huyu ahesabiwe amefariki lini? Wengine walipendekeza siku aliyovuka. Mjomba akasema siku aliyovuka alikuwa mzima na alikuwa anacheka.

"Fundi alifuta siku gani?" mama mtu aliuliza.

Nikasema ilikuwa Jumanne, nikataja na tarehe.

"Basi ni siku hiyo," alisema.

Mpaka leo ni siku hiyo. Kila mwaka binti hunikumbusha. Zamani alikuwa anatuma mtu anipitie kibandani, siku hizi hupiga simu. Sasa ni fundi wa nguo mwenye watoto wakubwa. Kinanda hakukishika tena, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza. Mimi hufika, nikakaa uani na wanaume, na kisomo kikiisha husimama nikaeleza. Vijana waliozaliwa baadaye hawajui hata kanda ni kitu gani, huwa naanza kwa kuwaeleza hilo.

Mama yao alifariki miaka michache iliyopita. Nilikwenda kuzika. Wakati tunatawanyika nilimvuta binti pembeni nikamuuliza kama, kwa kuwa mama hayupo, ile siku ya kaka itaendelea. Nadhani nilikuwa naomba aniachie.

"Itaendelea mpaka wewe uondoke, baba," aliniambia. "Baada ya hapo hatutakuwa na wa kumuuliza."

Mwaka huu mvua zimekata barabara mahali pawili. Nimeanza kuulizia usafiri mapema.